Pole Haijazi Kihenge

Mtama unapoanza kubadilika rangi katika mashamba ya Bunda yanayopakana na Serengeti, watu huanza kulala kwa zamu. Tochi hutiwa betri mpya, madebe matupu huwekwa karibu na mlango, vijana hupanda madunguni wakiwa wamejifunika mablanketi. Atakayesikia mashina yakivunjika upande wa hifadhi hupiga debe, mwenye shamba la pili humjibu kwa debe lake, na muda si mrefu ukanda mzima uko macho. Kuna usiku ambao kelele hizo hutosha. Kuna usiku mwingine ambao tembo huingia wakila wanachokitaka na kukanyaga wanachokiacha, na kabla jogoo hajawika wamesharudi porini.

Hiyo ndiyo hali ya Kunzugu, Mihale, Hunyari, Mariwanda na maeneo mengine yaliyo kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Habari zake hufika mjini asubuhi. Pale Manyamanyama, kata ya Mji wa Bunda inayojulikana zaidi kwa hospitali yake, watu wa vijijini hukutana na watu wa mjini kila siku: huyu kaleta mgonjwa, yule kaja kliniki, mwingine kapeleka uji kwa ndugu aliyelazwa. Mazungumzo ya kwenye benchi la kusubiri huanza kwa homa ya mtoto na kuishia kwa ekari mbili zilizoliwa usiku. Wanaosikiliza husema pole. Mmoja huongeza, “Mshukuru Mungu uko hai.” Mwingine husema atazame mbele, asikate tamaa.

Ni maneno ya upendo, na mara nyingi ndiyo pekee tuliyo nayo. Lakini nimekuwa nikijiuliza yanamfikisha wapi mtu aliyetifua ardhi kwa jembe la mkono, akapanda, akapalilia mara mbili, akakesha wiki nzima, kisha akayapoteza yote kati ya saa nane na saa kumi usiku. Je, kuna upande mzuri wa jambo kama hilo? Na kama upo, nani ana haki ya kumwonyesha?

Naamini upande huo upo. Ila naamini pia kwamba tumezoea kuutafuta mahali pasipo pake.

Siku hizi mahubiri ya mtazamo chanya hayana uhaba. Yako redioni alfajiri, yako kwenye makongamano ya vijana, yako kwenye simu zetu kabla hatujapiga mswaki. Mengi yana nia njema, na yamewainua watu waliokuwa wameanguka kabisa. Tatizo ni pale yanapodai kwamba fikra peke yake huleta matokeo. Kwamba ukiwaza mema yatakuja mema, na yakija mabaya basi hukuwaza vizuri. Mkulima wa Hunyari akiambiwa hivyo anabebeshwa mizigo miwili: hasara ya shamba na lawama ya hasara hiyo. Huo ni ukatili, hata ukisemwa kwa sauti ya upole.

Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani anayefundisha Chuo Kikuu cha New York, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002 yeye na mwenzake waliwafuatilia wahitimu wa chuo waliokuwa wakitafuta kazi. Wale waliozama zaidi katika ndoto tamu za kazi nzuri waliishia kupata nafasi chache na mishahara midogo kuliko wenzao. Waliofanya vizuri ni wale waliotarajia kufanikiwa kwa sababu walikuwa na msingi wa kutarajia hivyo: walijua walichokwisha kukiweza huko nyuma. Baadaye Oettingen alionyesha pia kwamba mtu akiliweka tamanio lake ubavuni mwa kikwazo chake, akavitazama vyote viwili bila kufumba jicho, hupata nguvu ya kutenda, mradi jambo lenyewe linawezekana. Akikitazama kitamu peke yake, mwili wake hutulia kana kwamba amekwisha kufika.

Nadhani wazee wetu wa Mkoa wa Mara hawangeshangazwa na matokeo hayo. Hakuna mvuvi wa Ghuba ya Speke anayekwenda kutega kwa kuwaza samaki tu. Kwanza huangalia upepo.

Basi tuanze na kikwazo chenyewe. Kwa nini tembo wanakuja? Mtu mwenye umri wa miaka 60 hapa Bunda atakuambia kwamba utotoni mwake hakuwaona kama anavyowaona mjukuu wake, na kumbukumbu yake ni sahihi. Miaka ya 1970 na 1980 ujangili wa pembe uliwafyeka tembo wa Serengeti hadi upande wa Tanzania wakabaki mia kadhaa tu. Wengine walikimbilia Maasai Mara, Kenya. Mwaka 1989 ndipo dunia ilipopiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na mwaka huohuo serikali yetu ikaanzisha Operesheni Uhai, iliyounganisha jeshi, polisi na askari wa wanyamapori dhidi ya majangili. Tembo wakaanza kurudi. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu tembo 7,535 katika mfumo ikolojia wa Serengeti na Mara. Kumbuka kwamba miaka hiyo ndiyo ambayo tembo wa Tanzania nzima walikuwa wakiporomoka, kutoka takribani 109,000 mwaka 2009 hadi takribani 43,000 mwaka 2014, huku Pori la Akiba la Selous likigeuka makaburi. Serengeti ilisimama.

Wakati huohuo watu nao waliongezeka. Mashamba yalisogea hadi mpakani. Njia walizokuwa wakipita wanyama kwenda kunywa maji Ziwa Victoria wakati wa kiangazi zikapandwa muhogo na mahindi. Tembo mkubwa anahitaji kula zaidi ya kilo 100 za majani kwa siku, na anapokuta shamba la mtama uliokomaa, amekuta karamu iliyoandaliwa mahali pamoja. Kwa hiyo hasara ya mkulima wa leo imezaliwa na ushindi wa jana, ushindi ambao taifa linajivunia na watalii wanaulipia.

Kulijua hili hakurudishi gunia hata moja. Lakini kunabadilisha kitu kichwani mwa aliyepatwa. Msiba usio na sababu humlegeza mtu. Huona ameonewa na mbingu. Msiba wenye sababu una mahali pa kushikwa. Mtu anayejua kwamba tembo anafuata njia ya babu zake kwenda ziwani, kwamba wavamizi wa mashamba kwa kawaida ni madume zaidi kuliko majike wenye ndama, kwamba huja zaidi mazao yakikaribia kuvunwa, huyo tayari ameanza kupanga. Ameacha kuuliza “kwa nini mimi?” na anauliza “wapi, lini, kwa njia ipi?” Kwangu mimi hapo ndipo mtazamo mwema unapoanzia.

Mfano ninaoupenda zaidi uko ng’ambo ya mpaka, huko Sagalla, Taita-Taveta, jirani na Hifadhi ya Tsavo Mashariki nchini Kenya. Wakulima wa Sagalla waliliwa mashamba yao miaka nenda miaka rudi, kama hawa wetu. Wengine walijaribu mitaro, wengine miiba, wengine moto. Kulikuwa na ujuzi wa zamani kwa wafugaji na warina asali wa Kenya kwamba tembo huukwepa mti wenye nyuki. Mwaka 2002 watafiti Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton waliandika juu ya jambo hilo, na Lucy King, aliyekuwa mwanafunzi wa Oxford, akalifuatilia kwa miaka. Mwaka 2007 yeye na wenzake walionyesha kwamba tembo wakisikia tu mlio uliorekodiwa wa nyuki waliochokozwa, wengi huondoka mbio. Ngozi ya tembo ni nene, lakini kuzunguka macho na ndani ya mkonga nyuki hupata pa kuuma.

Likazaliwa wazo la ua wa mizinga. Mizinga huning’inizwa kuzunguka shamba kila baada ya mita 10 hivi, ikiunganishwa kwa waya. Kati ya mizinga ya kweli huwekwa masanduku matupu ya kumdanganya mgeni, ili gharama ipungue. Tembo akisukuma waya, mizinga yote hutikisika na nyuki hutoka. Matokeo ya miaka 9 kutoka mashamba 26 ya Sagalla yalichapishwa mwaka 2024: katika misimu ya mazao, ua huo uliwageuza hadi asilimia 86 ya tembo waliokaribia. Na wakulima walivuna asali, wakauza.

Watu wanapenda kuishia hapo, kwenye asali. Mimi nataka tuendelee kidogo, kwa sababu ripoti ileile inasema jambo ambalo wahubiri wa mtazamo chanya wangeliruka. Ukame wa mwaka 2017 uliwafukuza nyuki. Mizinga iliyokuwa na nyuki ilipungua kwa robo tatu, na ilichukua miaka kadhaa kurudi ilivyokuwa. Nyuki wanataka maua na maji. Mizinga inataka kukaguliwa, kusafishwa, kutengenezwa. Wakulima wa Sagalla hawakupata dawa ya kumaliza tembo. Walipata kazi mpya, ngumu, yenye malipo, juu ya tatizo lisilokwisha. Wameendelea nayo hata hivyo. Hilo linanifanya niwaheshimu zaidi kuliko ambavyo hadithi yoyote ya muujiza ingefanya.

Huku kwetu kuzunguka Serengeti na hifadhi nyingine za Tanzania yamejaribiwa mengi. Wapo wanaofunga kamba kuzunguka shamba na kuitundikia vitambaa vilivyolowekwa kwenye pilipili iliyosagwa na oili chafu. Mvua ikinyesha sana, kazi inarudiwa. Wapo wanaosaga pilipili, kuichanganya na kinyesi cha tembo mwenyewe, kukausha matofali na kuyachoma usiku upepo ukielekea porini. Zipo timu za vijana zenye tochi za mwanga mkali na honi, zinazokwenda hatua kwa hatua: kwanza mwanga, kisha sauti, kisha moshi wa pilipili, ili tembo asizoee kitu kimoja. Kila mbinu ina udhaifu wake. Tembo ana akili na kumbukumbu. Atalijaribu debe mara ya tatu na kugundua kwamba haliumi.

Ukiyachunguza haya utaona kwamba hakuna hata moja linalofanywa na mtu mmoja. Ua wa pilipili wa shamba moja humhamishia tembo jirani. Kukesha peke yako ni kujitoa mhanga. Ndiyo maana sikubali mtazamo unapoelezwa kama mali ya siri iliyo kichwani mwa mtu mmoja mmoja, awe nayo au asiwe nayo. Katika vijiji vya Bunda na Serengeti vipo vikundi vya kuweka na kukopa, vikiwamo vile vya COCOBA (benki za uhifadhi za jamii) vilivyoanzishwa kwa ushirikiano wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na shirika la uhifadhi la Frankfurt Zoological Society ili watu wa mpakani wawe na njia nyingine ya kipato. Mwanakikundi aliyeliwa shamba ana pa kukopa mbegu. Asiye na kikundi ana pa kulia tu. Wote wawili wanaweza kuwa na moyo uleule. Kinachowatofautisha ni watu walio nyuma yao.

Na si kila mtu anaweza kuvumilia sawa. Mjane mwenye watoto wadogo hawezi kukesha dunguni na kuamka kwenda kibarua. Mtoto wa darasa la sita anayelinda shamba na baba yake atalala juu ya dawati, na mwalimu asiyejua atamwona mvivu. Tunapowasifu watu wa mpakani kwa ustahimilivu wao tukumbuke kwamba sehemu ya ustahimilivu huo imelipwa kwa usingizi wa watoto.

Daktari Viktor Frankl wa Vienna, Myahudi aliyepitishwa katika kambi za Wanazi, ndiye anayetajwa sana watu wanapozungumzia nguvu ya mtazamo. Alimpoteza mkewe, baba, mama na kaka yake, na mwaka 1946 akachapisha kitabu akieleza kwamba mwanadamu anaweza kunyang’anywa kila kitu ila uhuru wa kuchagua atakavyolikabili jambo. Wengi humnukuu hapo wakamwacha. Lakini Frankl alisema na la pili: mateso yanayoweza kuondolewa yaondolewe. Kuyavumilia wakati sababu yake iko mbele yako na unaiweza si ushujaa. Mtazamo ni kwa ajili ya kile kisichobadilika. Kinachobadilika kinahitaji mikono.

Sisi watu wa Mara hatuna haja ya kwenda hadi Vienna. Butiama, mwendo mfupi kutoka hapa, alizaliwa mtu aliyelifundisha jambo hili kwa mfano wake. Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka 10, Mwalimu Julius Nyerere angeweza kutoa hotuba ya kujipongeza na nchi ingempigia makofi. Badala yake aliandika tathmini akaorodhesha yaliyokwama, akasema wazi kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala ya kujitegemea. Palepale akaeleza yaliyopatikana: elimu, maji, afya, tofauti ya vipato iliyopungua. Unaweza kubishana na sera zake, na wengi wamebishana nazo kwa haki. Lakini ule utaratibu wa kutaja kwanza kilichoshindikana, kwa jina lake, mbele ya watu, kisha kuhesabu kilicho mkononi, ndio ninaoutaka kwa mkulima na kwa kiongozi wake pia.

Ni Nyerere huyohuyo ambaye Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, alitoa Arusha tamko lililoahidi kwamba Tanganyika itawatunza wanyamapori wake kwa ajili ya wajukuu wa watoto wetu. Ahadi hiyo imetimizwa kwa kiasi ambacho mataifa machache yanaweza kujivunia. Lakini bili yake haikugawanywa sawa. Mtu wa mjini anamwona tembo kwenye noti na kwenye kalenda. Mtu wa Mariwanda anamwona kwenye mtama.

Kwa hiyo sitaki kabisa neno la matumaini litumike kuzima madai. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo tunayoyaita kifuta jasho na kifuta machozi. Kwa mazao, kiwango kilikuwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari kulingana na umbali wa shamba kutoka hifadhini, kikiishia ekari 5. Kwa aliyepoteza ndugu, shilingi 1,000,000. Kanuni zenyewe hazikudai kuwa hiyo ni fidia. Hata hivyo, mtu anayelima ekari moja ya mahindi anajua kwamba shilingi 25,000 hainunui hata mahitaji ya kuanzia msimu mwingine, na wabunge wa majimbo yanayopakana na hifadhi, wa Bunda wakiwamo, wamelipigia kelele jambo hilo bungeni mara kwa mara. Kelele hizo nazo ni mtazamo chanya. Anayedai haki yake anaamini kwamba kesho inaweza kuwa tofauti na leo. Aliyekata tamaa hadai chochote.

Kuna pia Nyatwali. Kata hiyo ya Bunda iliyo kandokando ya Ghuba ya Speke ilibishaniwa kwa miongo, kwa kuwa iko kati ya Serengeti na maji ya ziwa. Hatimaye serikali iliamua kuwalipa wakazi wake wahame ili wanyama wapate njia. Familia zilizozika wazee wao pale, zilizovua na kulima pale, zimelazimika kuanza upya kwingine. Naijua hoja ya uhifadhi na naiona ina uzito. Ukame ukikazana, njia ya kufika ziwani ni uhai kwa wanyama. Lakini sitamwambia mtu wa Nyatwali kwamba kuhama ni fursa. Ikiwa itakuwa fursa, atasema mwenyewe, akishajenga, akishapata kisima, watoto wakishapata shule iliyo karibu. Kabla ya hapo kazi yetu ni kumsikiliza na kumlipa vizuri.

Naomba basi tubadilishe namna tunavyofariji pale kwenye benchi la hospitali, kanisani, msikitini, kwenye mikutano ya kijiji. Pole tuitoe, kwa kuwa ni utu wetu. Baada ya pole tuulize maswali: Waliingilia upande gani? Umeshatoa taarifa kwa mtendaji na kwa afisa wanyamapori, na uharibifu umepimwa? Kuna muhogo uliobaki chini? Jirani yako anakesha na nani? Mbegu za msimu ujao utazipata wapi, na kikundi chenu kina kiasi gani? Maswali kama hayo humtoa mtu kwenye hasara na kumrudisha kwenye shamba, bila kumlazimisha kutabasamu. Mama anayejibu kwamba muhogo uko, kwamba upande wa kusini haukuguswa, kwamba shemeji yake ana mizinga miwili asiyoitumia, ameuona mwenyewe upande mzuri wa jambo lake, kwa macho yake, kwa vipimo vyake.

Viongozi nao wana maswali yao, na wanaotakiwa kuyajibu si wakulima. Magari ya doria yafike vijijini mtama ukiwa bado shambani. Tathmini ya uharibifu ifanyike nyayo zikiwa bado zinaonekana. Malipo yatoke kabla ya mvua za kupandia. Vijana wa doria wapewe tochi na posho, kwa kuwa wanalinda chakula cha watu na, kwa kumrudisha tembo porini akiwa mzima, wanalinda hata mali ya taifa. Na kabla msimu ujao wa kukesha haujaanza, mizinga ya majaribio inaweza kuwekwa upande mmoja tu wa kijiji kimoja, ule wenye maua na maji ya kutosha, wakulima wenyewe wakiandika kila usiku tembo wangapi walifika na wangapi waligeuka.

Daftari la kazi hiyo si la bei kubwa, na vijana wanaojua kusoma na kuandika Bunda imejaa.